Njiti Kati ya Vidole Viwili

Njiti ya kibiriti ilikuwa chini kwenye mkeka, karibu kabisa na kiatu chake cha kulia, na daktari alikuwa ananiambia bado anayo.

"Ipo?" nilimuuliza mara ya pili, nikidhani sikumsikia vizuri.

"Ipo, Mwalimu. Nimeibana."

Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa kwenye mpira kama nilivyomfundisha, magoti yamelegea kidogo, na kidole gumba na kile cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa vimebana fimbo. Kati ya vidole hivyo hakukuwa na kitu. Niliitazama njiti, nikavitazama vidole, nikairudia njiti. Nilishtuka hadi nikasahau kufunga mdomo, na wanaonijua watakwambia kwamba mdomo wangu huwa haukosi kazi.

Mimi nafundisha gofu. Subira sina, na sioni haya kusema hivyo. Anayetaka kubembelezwa yupo mwenzangu wa zamu ya asubuhi, ambaye husifia hata mpira ulioangukia paa la jiko. Kwangu mtu anakuja kuambiwa ukweli. Nikimwona mtu anavyoshika fimbo, najua kama amelala vizuri, kama ana haraka, kama ametoka kugombana na mkewe. Mikono haijui kudanganya. Ndivyo nilivyokuwa nikijitapa kila siku, na ndiyo maana bado naumia nikikumbuka kwamba mkono wa mtu huyu niliutazama wiki sita nzima nisione kitu.

Alikuwa daktari wa macho, mpasuaji, mtu mpole mwenye sifa kubwa. Alinijia akilalamikia fimbo za chuma. Ile kubwa ya kuanzia aliimudu bila shida, lakini akishika chuma namba saba anachimba udongo kwanza, kisha mpira unatoka kwa aibu na kupinda kulia.

"Unataka kuuinua mpira," nilimwambia siku ya kwanza. "Mpira haujaomba msaada. Upige mpira kwanza, ardhi baadaye. Mikono iutangulie mpira, uzito uwe umeshahamia mguu wa kushoto. Kupanda utapanda wenyewe."

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Wiki ya kwanza tulinyoosha miguu, ya pili kiuno. Ya tatu nilimwekea taulo kwapani ili viwiko visitawanyike, akapiga mipira mia bila kuiangusha. Udongo ukaacha kuchimbwa. Lakini kila alipougonga mpira, fimbo ilijizungusha mkononi mwake, na mpira ukaenda kulia vilevile. Nikamfokea. Nikamwambia kidole kimoja hakivunji chawa, ashike kwa vyote viwili. Alicheka, akasema ni jasho. Akabadilisha glovu. Akabadilisha hata mpira wa kwenye mshikio, akaja na mpya wenye mikwaruzo mikali, na fimbo ikaendelea kujizungusha. Mimi nikaandika kwenye daftari langu: mvivu wa vidole.

Katikati ya hayo nilimweleza habari za mama yangu. Mama alishona nguo miaka arobaini. Jicho la kushoto lilikufa zamani kwa presha ya macho, na lile la kulia, la pekee lililobaki, lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho hata mimi alinitambua kwa sauti tu. Alikuwa kwenye foleni ya hospitali miezi tisa. Daktari alinisikiliza akiwa anafuta fimbo yake, kisha akasema, "Mlete Alhamisi ya tatu kuanzia leo. Nitampasua mwenyewe, awe wa kwanza asubuhi." Nilikaribia kupiga magoti. Mtaa mzima ulipata habari kabla ya jua kuzama, kwa sababu niliipeleka mimi mwenyewe nyumba kwa nyumba.

Sasa ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla ya Alhamisi hiyo, na nilikuwa nimemletea zoezi la mwisho ninaloliamini. Unaweka njiti ya kibiriti kwenye pembe kati ya gumba na kidole cha shahada. Vidole vikifunguka, njiti inaanguka, na mwanafunzi anasikia palepale kwamba imemtoka. Hakuna aliyewahi kuniambia anayo wakati haipo. Watoto wa miaka minane wanajua imewatoka.

"Tazama chini," nilisema.

Alitazama. "Upepo," akasema.

Bendera ya uwanja ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake kama nguo iliyosahauliwa kambani. Nikaiokota njiti. Nikamwambia asishike fimbo, anyooshe mkono tu, afumbe macho. Nikaipitisha njiti kati ya vidole, nikaiondoa, nikaiweka mfukoni mwangu.

"Ipo?"

"Ipo."

Nikairudisha, nikaibana vizuri kwa vidole vyake mwenyewe. "Na sasa?"

Alisita. "Umeitoa," akasema, kwa sauti ya mtu anayebahatisha.

Mwili ulinisisimka kuanzia visiginoni.  Na kama vile hiyo haikutosha, mbele yetu alikuwa anapita mkata nyasi wetu akiokota mipira, shingo ameipindisha upande ili jicho lake moja limsaidie. Wiki saba kabla ya siku hiyo alikuwa na mawili. Daktari alimpasua bure, kwa hisani, na jicho likatoka giza. Daktari alikuja mwenyewe hadi kwenye banda la mashine kumpa pole, akaeleza kwamba jicho lilikuwa limecheleweshwa mno. Wote tukasema ni kudra, tukamsifu daktari kwa utu. Mkata nyasi alimwinulia mkono pale kwa heshima, na daktari akafumbua macho, akauinua wake, ule wa kulia, wenye njiti asiyojua kama anayo.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Ni ganzi ndogo tu. Tangu mwaka jana. Asubuhi mapema huwa imepungua."

"Daktari, husikii kitu."

"Kazini sihitaji kusikia." Alikuwa amefumbua macho na uso umemkaza. "Pale natumia hadubini. Vidole vyangu naviona vikubwa kama miimo ya mlango. Macho yangu ndiyo yanayoshika. Nimefanya hivyo zaidi ya mara mia na sijasikia malalamiko."

Nilimtazama mkata nyasi. Daktari hakugeuka kumtazama. Kweli, nilimwogopa mtu huyu kuliko mlevi mwenye panga, kwa sababu alikuwa anaamini anachokisema.

Alifunga mfuko wake wa fimbo polepole. "Mama yako ni wa kwanza Alhamisi," akasema. "Kwa wa kwanza mkono wangu huwa mwepesi. Mwalimu, hili libaki hapa kwenye mkeka."

Niseme ukweli, kwa kuwa ndio ninaouza. Njiani kwenda nyumbani nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia yeye ndiye msomi, mimi ni mtu wa mipira. Hadubini anayo yeye. Mama amesubiri miezi tisa, na akipoteza zamu hii, jicho hilo moja litangoja hadi lini? Nilifika mlangoni nikiwa nimeshajisadikisha nusu nzima.

Mama alikuwa kitandani na kopo lake la vifungo mapajani. Tangu macho yamshinde alikuwa anavichambua kwa kupapasa, vya shati huku, vya koti kule, vya matundu mawili mbali na vya matundu manne, na hakukosea. Nilitazama vidole vyake vikifanya kazi hiyo, na ile nusu niliyojisadikisha ikanitoka. Nikamweleza yote, njiti, mkata nyasi, hadubini. 

Mama aliacha kuchambua. 

"Siku ya kunipima," akasema, "alinishika kope mara tatu ndipo akaipata. Nikadhani ananionea huruma, anashika taratibu."

"Hatuendi, Mama. Basi."

"Tutakwenda."

"Umenisikia lakini?"

"Macho ndiyo mabovu, masikio yangu ni mazima. Tukikaa nyumbani, jina litakalofutwa ni langu peke yangu. Atapanda kitandani wa pili. Huyo naye si mama wa mtu?" Akachukua kifungo kimoja koponi, akakifunga kwenye ncha ya kanga yake. "Mganga hajigangi, mwanangu. Lazima ashikwe mkono."

Nilitaka kumpigia simu mkuu wa hospitali jioni ileile. Mama akanikataza. Alisema mtu akishtakiwa atabisha, na mpasuaji mwenye sifa akibishana na mwalimu wa gofu, tunajua wote nani atatolewa nje na mlinzi. Nikamwambia kama jambo lake halitafaulu, mimi nitapiga kelele pale wodini hadi vioo vipasuke. Akasema hilo analijua, amenizaa mwenyewe.

Alhamisi saa mbili asubuhi walikuwa wagonjwa sita kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, wote na magauni ya kijani, mama akiwa na kanga yake juu, kila mmoja na kipande cha plasta kwenye paji la uso, juu ya jicho litakalopasuliwa ili lisikosewe. Majina yao yalikuwa yameandikwa kwenye ubao mweupe ukutani, la mama juu kabisa. Muuguzi mkuu alikuwa anawawekea matone. Harufu ya dawa ilinipanda kichwani. Ile kelele niliyoahidi nilikuwa nayo tayari kooni.

Daktari alikuja akiwa ameshavaa kofia. Mimi hakunitazama.

"Shikamoo, mama. Umelala vizuri?"

"Marahaba, baba. Nipe mkono wako, ule wa kazi."

Alidhani anataka kuombewa au kushukuru, kama wanavyofanya wagonjwa wengi. Akauleta, akainama. Mama akaupokea kwa mikono yake miwili.

"Sasa fumba macho," mama akasema. "Mimi jicho langu nakuachia wewe. Na wewe fumba kidogo."

Wale wa benchini walicheka. Muuguzi naye alitabasamu, chupa ya matone mkononi. Daktari akafumba. Niliona kwamba hapo ndipo alipoelewa anapimwa, lakini hakuuondoa mkono. Angeweza kuuondoa. Mama akafungua ncha ya kanga, akatoa kifungo cha shati, cheupe, cha matundu manne, akakiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akavibananisha vidole hivyo juu yake. Kisha akamwachia.

"Nimekupa nini?"

Kicheko kilikwisha benchini. Daktari alisimama na mkono wake hewani mbele yetu sote, vidole vimebana. Alikuwa anatafuta. Niliona misuli ya mkono ikijikaza kutoka kiwikoni, vilevile nilivyoiona wiki sita ikikaza fimbo, nami nikamwita mvivu. Alikuwa anabana kwa nguvu zake zote kitu asichokisikia.

"Hujanipa kitu bado, mama," akasema.

Muuguzi alijiziba mdomo kwa mkono. Mzee mmoja wa benchini, ambaye jicho lake moja lilikuwa bado zima, aliona kila kitu, akaanza kusogea taratibu kuelekea ukingo wa benchi kama mtu anayetaka kuondoka bila kuaga.

"Fumbua," mama akasema.

Alifumbua. Nimewaona watu wakikosa mipira ya ushindi, nimewaona wakivunja fimbo kwenye goti, lakini uso kama ule sijauona. Alikitazama kile kifungo kama kimeota kwenye mkono wake. Akakipeleka karibu na macho. Akakigeuza kwa mkono wa kushoto, ulio mzima, akayahesabu matundu yake kwa ukucha, moja hadi nne. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Badala yake nilishtuka kuona kwamba alikuwa hajui ganzi imefika wapi. Muda wote ule, hata kwenye mkeka, alikuwa hajui.

"Nimewashika nani na nani," akasema, lakini hakuwa anatuuliza sisi.

Alivua kofia. Akaenda kwenye ubao, akachukua kitambaa kwa mkono wa kushoto, akafuta jina la mama, akaendelea kushuka hadi la sita. Muuguzi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mpasuaji mwingine hatapatikana kabla ya miezi miwili.

"Tutasubiri," mama akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amenyoosha kiganja, anangoja kifungo chake.

Daktari alirudi akakiweka kiganjani mwake kwa uangalifu, akitazama vidole vyake mpaka vikaachia. Kisha akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akaniuliza mkata nyasi anakaa wapi.