Jua la Bi Mkubwa

Sinia letu la shaba lilitundikwa ukutani mwa jumba la maonyesho ya sanaa, na Wazungu wameketi sakafuni chini yake, kimya, wanalikodolea macho. Taa ilipiga kwenye sinia, mwanga ukaruka hadi kwenye kioo, ukageuka, ukatua juu ya kitanda cheupe kitupu. Msichana mmoja alifuta machozi. Mimi nilitamani kuipasua ile taa.

Jina lililoandikwa mlangoni ni la mdogo wangu, Hayat. Lakini kazi ile ni yangu. Flati yetu hapa Peckham haiingii jua chumbani. Bi mkubwa wetu, mama yetu, Mungu amrehemu, alilala mle miezi saba, macho yamekwisha, haoni tena, akilalamikia baridi. Nikalisugua sinia kwa ndimu na chumvi, nikaliegemeza dirishani jikoni, kioo nikakisimamisha ukumbini, jua likamfikia usoni. Kila asubuhi nilifanya hivyo, kisha nikakimbilia basi kwenda kuwaogesha wazee wa watu. Hayat alikuwa chuoni Glasgow. Alikuja mara mbili, akapiga picha. Baada ya arobaini akaniomba sinia, eti la ukumbusho.

Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Basi mimi nilichuma, anayekula ni yeye, tena kwa makofi. Nilimwonea wivu, wala sioni haya kusema.

Hayat akanijia. “Dada Mwanamwema, umeionaje?”

“Umelitundika vibaya. Mwanga unaangukia miguuni.”

Nikanyoosha mkono, nikaliinamisha kidogo. Mlinzi akainuka, Hayat akamzuia. Mwanga ukapanda hadi kwenye mto wa kitandani. Hayat aliutazama ule mto.

“Siku zile,” akasema polepole, “mama alinitaja hata mara moja?”

Kila jua lilipomgusa, bi mkubwa alidhani ni kiganja cha kitinda mimba wake shavuni. Alitabasamu, akauliza, “Hayat kaja?” Nami, vidole vyangu vikinuka ndimu, nilimjibu, “Kaja, mama.” Miezi saba. Mimi hakuniulizia, maana nilikuwapo.

Hayat alikuwa akinisubiri.

“Alikuwa hasemi sana,” nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainama mbele ya watu wote, akanibusu mkono, akanishukuru kwa kumtunza mama.