Breki Alizozifunga Shiro

Miaka kumi na miwili ya bodaboda ilinifanya niamini kwamba hakuna kitu chenye magurudumu mawili kilichobaki kunifundisha. Nilikuwa nimebeba friji. Nilikuwa nimembeba mama mjamzito pamoja na dada yake mvua ikinyesha, tukafika hospitali kabla ya mtoto. Kwenye steji yetu ya Makongeni waliacha kuniita Wakoli, wakaniita Rubani, nami nikaitika kama vile ni jina la ubatizo. Leo nikiitwa hivyo natamani kuziba masikio.

Pikipiki zetu tulizipeleka kwa Dedan, fundi mwenye karakana Industrial Area, mzee mkavu wa maneno aliyewahi kushindana enzi za ujana wake. Alikuwa na pikipiki moja ya mbio za matope, nyembamba, isiyo na taa wala kiti cha abiria. Alikuwa pia na Shiro, msichana wa Kaloleni wa miaka ishirini na minne, fundi wake na mwanafunzi wake. Kwa miezi minane Shiro alikuwa akifunga nati siku sita za wiki, na Jumapili baada ya kanisa anaenda na mzee kwenye machimbo ya zamani ya mawe nje ya mji kujifunza kuruka vilima. Mashindano ya wanaoanza yalikuwa mwezi wa sita. Ilijulikana kwamba Shiro ndiye atakayepanda.

Ilijulikana hivyo mpaka nilipofungua mdomo. Nilisema pale karakanani, wenzangu wakiwa wamejaa mlangoni, kwamba ni ajabu steji nzima ya wanaume wanaoshinda barabarani ikae ishangilie msichana. Dedan akajaribu kunielimisha. Alisema mbio si kitu kimoja. Mbio za lami ni za macho, unaiona kona kabla hujaifikia na unalaza mwili bila woga. Mbio za matope ni za mapaja na tumbo, unasimama juu ya vikanyagio na kuiacha pikipiki icheze chini yako huku mikono imelegea. Na rali ya magari ni kazi ya watu wawili, mmoja ameshika usukani na mwenzake anamsomea barabara kwenye daftari, na dereva asiyejua kusikiliza huishia mtaroni hata awe hodari namna gani.

Nikamuuliza sisi wa bodaboda mbio zetu ni za nini. Akajibu kwamba zetu ni za kukwepa watu na kuokoa petroli. Wenzangu walicheka, na kicheko hicho kiliniuma, kwa hiyo nikadai tujaribiwe mimi na Shiro kwenye uwanja ulio tambarare. Nilimshinda. Bila kilima wala shimo hata mbuzi angemshinda, maana Shiro alikuwa amefundishwa vilima na mashimo. Lakini watu wa steji walipiga kelele, na watu wa steji ndio waliokuwa wateja wa Dedan. Mzee akakuna kichwa, akanipa mimi pikipiki, akamwachia Shiro spana.

Shiro hakununa. Hilo ndilo linalonichoma hata sasa. Siku moja kabla ya mashindano alibadilisha pedi za breki, akaijaribu pikipiki mara tatu, kisha akaniita kando na kunipa siri aliyoipata kwa kuanguka yeye mwenyewe.

"Kwa ile mteremko usitoe gia," aliniambia, akimaanisha mteremko mrefu wa njia ya mashindano. "Iache ndani. Injini ndio breki yako ya kwanza."

Nikamjibu, sawa, mwalimu, huku nikiwakonyeza wenzangu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa bodaboda Nairobi analifahamu na hakuna anayeliona kuwa kosa. Barabara ikianza kuteremka, sisi hutoa gia. Unagusa kwa mguu wa kushoto, injini inashusha sauti, pikipiki inashuka yenyewe na petroli inabaki kwenye tangi. Ukifanya hivyo siku nzima, jioni unanunua unga. Nilikuwa nimelifanya kwa miaka kumi na miwili, kila mteremko, mpaka mguu ulikuwa haungoji tena kuambiwa.

Siku ya mashindano nilianza vizuri. Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa nne, na niliwasikia wenzangu wakiliita jina langu la steji. Mzunguko wa pili nikafika juu ya ule mteremko mrefu wa udongo, nikaona wenye haraka wameshatangulia, nikawaza jinsi ya kuwakamata. Mguu nao ukafanya kazi yake. Nilisikia injini ikinyamaza, na kwa nusu sekunde nilihisi raha niliyoizoea. Kisha pikipiki ikaanza kukimbia kama kitu kisicho na mwenyewe. Nikaibana breki ya mbele kwa nguvu zote, gurudumu likajichimbia kwenye udongo laini, nikaruka juu ya usukani. Nilivunjika kifundo cha mkono. Mkono wa breki nao ulikatika kabisa, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kuzipima zile breki baadaye.

Shiro ndiye aliyefika wa kwanza. Aliniuliza kama naweza kuinuka, akaniketisha, kisha akaiinua pikipiki na kuisukuma kando ya njia. Dedan akaja akihema, na nyuma yake Muthama, mwenyekiti wa steji yetu, na wengine wote. Mzee akauliza kumetokea nini. Nilimwona Shiro ananiangalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu, nimetoa gia mwenyewe, na nikaona jinsi watakavyocheka.

"Breki ilikataa," nikasema.

Sikumtaja mtu. Nilijiambia hivyo kwa muda mrefu, kwamba sikumtaja mtu. Lakini wote walijua nani alizifunga zile breki. Muthama akasema palepale kwamba pikipiki yake haitaguswa tena na yule msichana, na katika wiki mbili steji nzima ikawa inasema hivyo. Wateja wa mitaa mingine wakasikia. Dedan akamwambia Shiro apumzike kidogo mpaka maneno yapoe, na kupumzika kwenyewe hakukuwa na mwisho. Nikasikia ameingia kibarua kwenye kiwanda kimoja cha sabuni, anapanga vipande kwenye maboksi. Mimi nikatolewa plasta, nikarudi kazini, nikapewa pole na kila mtu.

Nilikuwa mwoga, sina neno jingine. Kila mteremko niliposhuka nikiwa na abiria, mguu wangu ulitoa gia, nami nikamkumbuka. Nilianza kukwepa njia ya kiwandani. Mwishowe, mwezi wa tisa, nikaenda kumngoja getini saa ya chakula. Alitoka na wenzake, kitambaa kichwani, vidole vimebabuka kwa magadi. Nilimwambia yote nikitazama chini.

Alinisikiliza akila chapati. Kisha akasema kwamba alijua tangu siku ileile. Alipoiinua pikipiki ilisukumika bila yeye kushika klachi, na pikipiki iliyo kwenye gia haisukumiki hivyo.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, akapoteza kazi hivihivi. Aliniambia tu kwamba nikaseme mimi, mbele ya steji na mbele ya Dedan, yeye akiwepo, kesho saa saba.

Usiku ule sikulala. Lakini nilikwenda. Nilimwomba Dedan aje, naye akaja na ovaroli yake yenye mafuta. Shiro alifika akiwa na kitambaa chake cha kiwandani, akasimama kando kidogo ya kibanda chetu. Nikasema. Nilisema breki hazikuwa na kasoro, zilifungwa sawasawa, kwamba nilitoa gia kwenye mteremko kama tunavyofanya sote, na kwamba nilidanganya kwa sababu niliogopa kuchekwa.

Nilingoja matusi, na nadhani niliyataka. Muthama akaja akanishika bega, uso umejaa huruma.

"Rubani, wewe uko na roho safi," akasema. "Lakini usijichafulie jina juu ya huyu msichana."

Wengine wakaitikia. Mmoja akasema hivi ndivyo mwanaume anavyobeba mzigo wa mwenzake. Mwingine akauliza kama nina mpango wa kumposa, watu wakacheka, na hawakunicheka mimi. Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi, nikaeleza habari ya mguu, nikaeleza pikipiki ilivyosukumika bila klachi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa kwa kunistahi. Nilimgeukia Dedan, fundi, mtu aliyenifundisha tofauti ya lami na matope. Mzee alikwepa macho ya Shiro. Akasema taratibu kwamba huenda ni kweli na huenda si kweli, ila wateja wameshasema neno lao, naye ana kodi ya karakana.

Shiro alinisogelea. Hakuwa na hasira, na hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Umeona sasa?" akasema. "Ndio maana sikuongea."

Akatazama saa kwenye simu yake, akafunga kitambaa vizuri, akashika njia ya kurudi upande wa reli kabla geti la kiwanda halijafungwa. Muthama alikuwa ameshanifungulia soda baridi, akasema ni ya muungwana. Niliishika mkononi nikimtazama Shiro akienda, mpaka soda ikapata joto, na sikujua niiweke wapi.