Mkwe Juu ya Mabati

Joash alijulikana Shinyalu nzima kwa kufunga sola. Paa moja tu hakuwa amelipanda, la mama mkwe wake. Hapo kwao mkwe hapandi paa la mama mkwe, hamwangalii usoni, wala hampi mkono. Kwa hivyo siku ya kufunga paneli mbili kubwa za mama, Joash alisimama nyuma ya ua, mgongo kwa nyumba, akipiga kelele. Aliyepanda ni shemeji yake Bramwel, mkata miwa wa Kabras.

"Umeunganisha?"

"Nimeunganisha!"

"Umekaza vizuri?"

"Kama kamba ya ng'ombe!"

Bramwel alikuwa amesokota nyaya kwa vidole, akaacha viungo viwili bega kwa bega, akavizungushia karatasi ya plastiki ya mkate. Joash hangeweza kuona. Aliona migomba.

Karatasi ilivumilia mvua na jua mpaka ikachoka. Adhuhuri moja Winrose, mke wa Joash, alikuwa kwa mamake akichambua kunde aliposikia paa likichacharika kama mafuta kwenye karai.

"Ni panya," mama akasema kutoka chumbani.

"Panya gani ananukanga plastiki?"

Winrose akampigia mumewe simu. Joash akaja mbio na pikipiki, akasimama nyuma ya ua wake wa siku zote.

"Winnie, zima swichi!"

Akazima. Paa likaendelea kuchacharika. Juu ya dari mwanga wa buluu ukawa unapepesa, na moshi ukaanza kushuka.

"Nyaya zinatemeana moto huko huko juu, kabla ya swichi," Joash akasema. "Jua likiwaka, paneli zinalisha tu. Mtoe mama!"

"Mama, toka nje, nyumba inaungua."

"Huyo mtu wako yuko wapi?"

"Kwa ua."

"Basi sitoki. Nipite mbele ya mkwe na leso ya kulalia?"

Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na mlango uliangalia ua.

"Amegeuka, mama."

"Mwambie ageuke zaidi."

"Akigeuka zaidi atakuwa anatuangalia tena!"

Mama akakohoa, akakaa kitandani na kukunja mikono kama mtu anayengoja chai. Cheche moja ikaanguka kwenye kiti cha wageni. Winrose akaikanyaga. Angepanda yeye, lakini mwanamke naye hapandi paa hapo kwao. Bramwel alikuwa mbali huko Kabras, na wazee walioweka hizo sheria walikuwa makaburini, wamelala vizuri.

"Winnie!" Sauti ya Joash ilikuwa imebadilika. "Leta ngazi. Na blanketi zito, nifunike paneli. Zikikosa jua, moto unakosa chakula."

Blanketi zito lilikuwa moja, na mama alikuwa amelikalia.

"Mkwe ashike blanketi langu? Haki afadhali niungue!"

"Utaungua, mama. Na watu watakuja matangani, wale wali, waseme umekufa kwa kuona haya."

Mama akalifikiria hilo jambo la wali. Akainua kiuno kidogo, Winrose akavuta.

Joash akapanda macho amefumba nusu, eti asione ni paa la nani. Mabati yakalia. Akatandaza lile blanketi juu ya paneli zote mbili, na kuchacharika kukakatika hapo hapo. Akachomoa nyaya, akaomba maji, akaumwagia ubao uliokuwa umeshaanza kuwa mkaa.

Mama akatoka amejifunika beseni mpaka mabegani. Akajigonga kwenye mwimo wa mlango, akauomba msamaha, akaenda kusimama katikati ya uwanja akipumua.

"Nimemaliza," Joash akaita. "Hivi viungo nitavirudia mwenyewe, na vifaa vyake. Naweza kushuka?"

"Mwambie asishuke," beseni likasema. "Bado niko nje."

"Basi uende jikoni, mama."

"Nitaenda. Nakumbuka kwanza nilitaka nini."

Mabati ya adhuhuri yanachoma. Juu, Joash alikuwa anabadilisha makalio, mara hili, mara lile. Mama akaenda kwa kuku. Akawaangalia mmoja mmoja kwa chini ya beseni. Akaenda kwa sukuma wiki, akachuma jani, akaligeuza, akachuma lingine.

"Mama, anaiva huko!"

"Si anapenda paa?" mama akasema, na Winrose akaliona beseni likitikisika kwa kicheko.

Akachuma jani lingine.