Kuruka kwa Bi Kimbunga ni Mali ya Kampuni

Jumanne moja saa nne asubuhi, Araksi Manukian alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la chumba cha mavazi cha studio ya televisheni huko Burbank, pini sita mdomoni, akipinda suruali ya Bi Kimbunga. Pindo halikutulia. Kila akichomeka pini, kitambaa kilikuwa kimeshapanda kidogo. Akainama zaidi, akatazama. Buti za Marisela Ontiveros zilikuwa zimeachana na zulia kwa upana wa vidole viwili.

"Simama vizuri, binti," Araksi akasema.

"Nimesimama, Mama."

"Umesimama juu ya nini?"

Marisela akatazama chini. "Juu ya hewa, naona. Nishuke?"

"Baki hapo hapo. Ila usipande tena mpaka nimalize mguu wa kushoto."

Araksi alikuwa amewashonea waigizaji kwa miaka thelathini na mmoja. Miili ya watu hao ilishaacha kumshughulisha. Wapo waliopungua kati ya chakula cha mchana na chai. Kwenye kadi ya vipimo, chini ya urefu na kiuno, akaandika: *anaelea, vidole viwili*.

Bi Kimbunga alikuwa shujaa wa vijitabu vya picha, wa enzi za vita, aliyesomwa na bibi za watazamaji wa leo. Sasa chaneli ilitaka kumfufua kwa sura mpya. Ikatengenezwa sehemu moja tu ya majaribio; wakubwa wakiipenda, kipindi kinaendelea, wasipoipenda inawekwa kabatini na hakuna atakayeiona. Katika sura hiyo mpya, Bi Kimbunga mchana aliendesha kampuni, na jioni alikaa jikoni na paka wake, akalia.

Marisela alikuwa na miaka thelathini na sita. Miaka kumi na miwili alikuwa akihudumia meza kwenye mkahawa wa Van Nuys, huku akienda kwenye usaili kuomba nafasi za kuigiza manesi na wafanyakazi wa ndani, akirudi mikono mitupu. Siku ya pili ya kuvaa lile vazi aliruka juu ya maegesho ya magari akaenda kununua taco, zile chapati za Kimeksiko zenye nyama, akarudi kabla hazijapoa. Alitua mlangoni kwa Araksi akiwa amewiva mashavu.

"Mama, kule juu hakuna anayeniuliza umri," akasema. "Kipindi kikifa, kife. Lakini hiki kitu sikiachi."

"Kula kwanza," Araksi akamwambia. "Na mchuzi wako usidondoke kwenye koti langu."

Upigaji picha ulikwenda kwa utaratibu. Kanuni za kazi zilisema anayeondoka ardhini mbele ya kamera lazima afungwe waya, kwa hiyo watu wanne wa waya walikuja kila asubuhi wakamfunga. Marisela akiruka, waya zilining'inia chini yake, zimelegea. Ikabidi vijana wa kompyuta wazifute moja moja, na walinung'unika sana.

Kisha watu arobaini wakaokotwa kwenye maduka makubwa, wakaketishwa chumbani mbele ya skrini, kila mmoja na kitufe chake cha kuzungusha: kulia ukipenda, kushoto ukichukia. Araksi aliitwa akae nyuma ya kioo na wakubwa, kwa sababu vazi nalo lingejadiliwa. Mstari uliochorwa na vitufe vya watazamaji ulitambaa juu ya picha. Bi Kimbunga alipolia jikoni, ukapanda. Aliporuka juu ya jiji, ukaporomoka.

"Hapo hawamwamini," akasema Todd Vanstrand, mkubwa wa chaneli. "Inaonekana bandia."

"Lakini anaruka kweli, bwana," Araksi akasema.

"Najua. Juzi alipita dirishani kwangu, akanipungia mkono." Vanstrand hakuondoa macho kwenye mstari. "Lakini si unaona ulivyoshuka?"

Iliamuliwa aongezewe uzito ili aning'inie kama wanavyoning'inia wengine. Araksi akachukua vijisahani vya madini ya risasi, vile vinavyoshonwa kwenye pindo la pazia lisipeperuke, akavishona kwenye koti. Havikutosha. Akavijaza pia kwenye soli za buti na kwenye mkanda. Ilipofika kilo tisa, waya zikakazika.

"Mama, mbona unanifanyia hivi?" Marisela akauliza, akiwa ananing'inia.

"Nimeandikiwa na wakubwa, binti."

"Na wakikuandikia unishone mdomo?"

Araksi alikuwa anatafuta sindano nene.

Watu wengine arobaini waliokotwa. Safari hii, Bi Kimbunga alipoanguka na polisi mmoja akamdaka, mstari ulipanda vizuri. Haukupanda vya kutosha. Mwezi wa tano chaneli ikatangaza vipindi vyake vipya, Bi Kimbunga hayumo. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwanamke yule hapendeki.

Wiki iliyofuata ikaja fomu ya kurudisha vitu. Koti, suruali, mkanda, buti jozi moja, kuruka. Marisela alisoma mkataba aliokuwa ameutia sahihi na kukuta kweli imeandikwa, ukurasa wa kumi na tisa: chochote kitakachomjia akiwa Bi Kimbunga ni mali ya kampuni.

Akavua vyote. Kuruka alikuvua mwisho, taratibu, kama mtu anavyovua soksi zilizolowa. Hakukukabidhi.

"Andika kumepotea," akasema. "Vitu hupotea, Mama. Si ulisema glavu hupotea kila mwaka?"

"Glavu hawaziulizii."

"Niangalie basi. Niangalie ndipo uniambie hapana."

Araksi akamwangalia. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na sahihi iliyotakiwa ilikuwa yake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Hapana, binti," akasema.

Marisela akakuweka mezani, akavaa viatu vyake vya mkahawa, akaenda kutafuta gari lake. Araksi alikuingiza kwenye mfuko wa nguo, akafunga zipu. Mfuko ukapaa mpaka darini. Akapanda ngazi, akaushusha, akaufunga utepe.

Mchana huo, badala ya kumpa dereva kama alivyofanya na mifuko mingine miaka yote, akaupeleka mwenyewe kwenye ghala la kampuni huko Sun Valley. Mtunza ghala, mzee Olufsen, akamwongoza mpaka nyuma, akaonyesha juu kwa kalamu. Chini ya bati ilielea mifuko, safu kwa safu, kila mmoja umefungwa kwa utepe kwenye bomba. Majina ya vipindi yaliyoandikwa juu yake Araksi hakuwahi kuyaona kwenye televisheni, ingawa mengine aliyashonea.

"Yote hii?" akauliza.

"Hiyo ni ya wanawake."

"Ya wanaume iko wapi?"

"Wanaume huondoka nayo nyumbani," Olufsen akasema. "Mikataba yao haina ule ukurasa."

Araksi akafunga utepe kwenye bomba, akaachia. Mfuko ukapanda, ukasukumana kidogo na ya jirani, ukatulia. Olufsen akaujaribu kwa kuvuta mara mbili.

"Mafundo yako, Mama, ndiyo nayaamini," akasema. "Halijafunguka hata moja."

Araksi akashukuru, akatia sahihi.