Kufuli la Njano

Jumatatu asubuhi, jenereta likiwa bado halijawashwa, Claudine alikuwa amekwishakaa kwenye foleni nje ya kontena la ofisi ya kutafuta ndugu. Kitenge amekifunga vizuri, miguu ameipaka mafuta. Ilikuwa mwaka tisini na nane, mvua zikinyesha, na barabara ya kutoka Kibondo mjini mpaka kambi ya wakimbizi ilikuwa tope tupu.

Alikuwa akimtafuta mumewe, Nduwayezu. Walipotezana siku ya kuvuka mpaka upande wa Mabamba, yeye mbele na kamba mkononi, mume nyuma na godoro kichwani. Risasi zililia, watu wakasukumana, na alipogeuka hakuliona godoro wala mwenye godoro. Tangu siku hiyo hakuna jioni iliyopita bila kuitegea sikio njia. Watu walimwambia atazoea. Hakuzoea hata kidogo.

Karani wa ofisi aliitwa Felician, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Singida, mpole, mwenye Kiswahili cha redioni. Alimkaribisha mbele ya kompyuta mpya.

"Mama, hii siyo kama zamani, kubandika majina ukutani yakalowa," alisema. "Hii inapita kwa setilaiti. Utakachosema hapa kitasomwa na ofisi zetu tu. Unaliona hili kufuli?"

Chini ya kioo, pembeni, palikuwa na kufuli dogo la njano, limefungwa. Programu ile yenye kufuli siku hizi inaitwa kivinjari. Felician wakati ule aliiita dirisha tu, na alilisifia kufuli la dirisha lake utadhani amelinunua mwenyewe.

"Ufunguo anao nani?" Claudine aliuliza.

Felician alikigusa kioo kwa kidole. "Halina haja ya ufunguo, mama. Lenyewe linajijua."

Basi Claudine akasema. Mume wake ni mrefu, mweusi, ana pengo juu, ana kovu la panga kwenye kidole gumba cha kushoto, na sikio moja dogo kuliko la pili. Felician aliandika yote. Kisha akasema panahitajika jambo moja la siri, linalojulikana na wao wawili tu, ili Nduwayezu akifika kwenye ofisi yoyote akalisema, itajulikana ni yeye hasa.

Kwa kina Claudine maneno ya ndani hayatolewi nje. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajamfundisha kupika. Lakini hamu ilikuwa imemkaba. Akasema kwamba kila jioni Nduwayezu alipotoka shambani alisimama mlangoni mwake mwenyewe, akajifanya mpita njia, akauliza, "Hapa kwa nani?" Naye jikoni alijibu, "Kwa anayeuliza." Ndiyo hivyo, kila siku, na kila siku walicheka.

Felician naye alicheka, akaandika. Jenereta lilipozimwa mchana kioo kiliingia giza, ila kufuli lilibaki likiwaka peke yake. Felician alilifunika kwa kitambaa ili lisivutie nzi.

Mwanamume wa kwanza alikuja wiki hiyohiyo, jua likizama. Claudine alikuwa akisonga ugali wa muhogo.

"Hapa kwa nani?"

"Kwa anayeuliza," mdomo wake ulijibu kabla hajageuka, na moyo ukamruka mpaka mwiko ukamponyoka.

Aligeuka. Mrefu, mweusi, pengo lipo, kovu lipo, sikio dogo lipo. Nyusi hazikuwepo, kwa sababu Claudine hakuzitaja. Juu ya macho palikuwa na ngozi laini tu, na Claudine alipatazama pale kwa muda mrefu.

"Wewe si Nduwayezu."

"Sijui, mama," alijibu yule mtu kwa adabu. "Nililala kambini upande wa Kasulu nikiwa mtu mwingine. Nikaamka nikiwa hivi, nakupenda. Nikaanza kutembea."

Mtu aliyetembea kutoka Kasulu hafukuzwi akiwa na njaa. Claudine alimpakulia, akamwonyesha benchi nje chini ya upenu, kisha akaingia ndani akalia mpaka ugali wake ukapoa. Maximilla, Muha wa kijiji cha jirani aliyeuza pombe ya ndizi pembeni mwa kambi, alikuja asubuhi kumwona mgeni.

"Nyusi si unazichora kwa mkaa tu?" alisema. "Sisi wengine waume zetu wana nyusi, na kutoka hapa mpaka bombani wanachoka."

Claudine alirudi ofisini kushtaki. Felician alichungulia kufuli, akalikuta limefungwa. Alimpigia redio mkubwa wake Kasulu. Mkubwa alijibu kwamba programu imetengenezwa na wataalamu, haivuji, na kwamba wakimbizi wana mazoea ya kuongea sana bombani. Ila kwa usalama zaidi, maelezo yaongezwe.

"Nyusi zake zikoje, mama?"

"Nene. Zinakutana katikati."

Wa pili alikuja na nyusi nene zinazokutana. Huyu hakuwa na harufu yoyote. Ukimsogelea ilikuwa ni kusogelea ukuta. Claudine alikwenda kushtaki, na Felician akaandika tumbaku na udongo uliolowa. Wa tatu alinukia tumbaku na udongo uliolowa, lakini kikohozi hakuwa nacho, kile ambacho Nduwayezu alikitanguliza akitaka kusema jambo zito. Kikohozi nacho kikaandikwa. Wa nne akaja akikohoa.

Walikaa kwenye benchi pamoja, hawakugombana. Waliziba paa, walichota maji, walimenya maharage. Hakuna aliyelala ndani, na hakuna aliyeomba. Kila mmoja alikuwa ameamka siku fulani na mapenzi yasiyo yake, akayabeba kwa uaminifu. Claudine akipita na ndoo, nyuso zilezile ziligeuka kwa pamoja, naye akainamisha macho.

Usiseme alikuwa mjinga. Aliona wazi kwamba alichokiingiza kwenye kontena kilirudi kwake kwa miguu. Lakini kila sauti ilipouliza "Hapa kwa nani?" palikuwa na nafasi finyu kabla hajageuka, na katika nafasi hiyo Nduwayezu alikuwa amerudi. Kwa ajili ya nafasi ile angeiambia mashine hata kaburi la mama yake liko wapi.

Hata hivyo alibakiza kitu kimoja. Kwao pombe hunywewa kwenye chungu kimoja kwa mirija ya matete, mwenyeji akionja kwanza ili mgeni ajue haina sumu. Nduwayezu alikuwa na utoto wake: kabla ya kunywa alipuliza mrija, pombe ikabubujika, wazee wakamfokea, yeye akamkonyeza mkewe. Jambo hili Claudine alilificha. Kila aliyekuja alimpa chungu na mrija, akamtazama. Wote walikunywa kistaarabu, na Claudine aliondoa chungu.

Kiangazi kilipoanza mkubwa alifika na Land Cruiser, akaleta toleo jipya la programu. Kufuli lake lilikuwa kubwa zaidi, na la njano zaidi. Alisema malalamiko yamesikilizwa. Toleo hili linataka siri ya pili kwa kila mtafutaji, na asiyeitoa jalada lake litafungwa.

"Si lazima, mama," Felician alinong'ona mkubwa alipotoka kwenda kula.

"Jalada likifungwa, atatafutwa na nani?"

Claudine akamweleza habari za mrija.

Jioni ile Maximilla alipoleta chungu, wanaume wote wa benchi waliinama, wakapuliza. Povu lilifurika mpaka miguuni.

"Ebo! Pombe yangu hiyo!" Maximilla alifoka. "Kama mnataka mapovu, nendeni mkafue."

Wote walimkonyeza Claudine. Alijaribu kucheka, maana kucheka kwenyewe alikuwa amekukumbuka sana, ila hakujua amchekee yupi.

Yule wa mwisho alikuja siku ya upepo, barabara imejaa vumbi, akitokea upande wa Kitanga. Alikuwa na fimbo, mvi, na mapengo mawili. Nyusi zilikuwa chache, na zilikuwa mbali mbali. Alisimama mlangoni akafungua mdomo, akatazama benchi, akaziona nyuso changa zimepangana pale. Akafunga mdomo.

"Mwiriwe," alisema, salamu ya jioni ya mgeni yeyote.

Claudine alimkaribisha, akaonja pombe, akampa mrija. Mzee alikunywa taratibu bila kupuliza. Kifua chake kilipiga filimbi kila alipovuta pumzi. Wale wa benchi walimtazama kwa huruma. Claudine alimkagua kwa jicho la ofisi: pengo limezidi, nyusi sizo, mrija hakupuliza, neno la mlangoni hakusema. Moyo ulimvuta, ndiyo. Lakini ulikuwa umemvuta kwa wote, na kila mara ukamwaibisha.

"Yule mbuzi," mgeni aliuliza, "alizaa salama?"

"Mbuzi gani?" alisema Claudine, mawazo yakiwa kwenye sahani, kwamba hazitatosha.

Mgeni alimtazama. Akatikisa kichwa polepole, akasimama.

"Basi. Naona una watu wa kukusaidia. Nashukuru kwa pombe."

Akachukua fimbo yake, akaenda.

Asubuhi Claudine alikuwa akifunga mzigo wa kuni. Kamba ilipomkwaruza kiganja, mkono ulikumbuka kabla ya kichwa. Pale mpakani, kabla ya kuvuka mto, Nduwayezu alimwekea kamba ya mbuzi mkononi, akavifunga vidole vyake kwa vidole vyake mwenyewe, akasema, "Huyu anakaribia kuzaa, usimkimbize." Mbuzi alizaa upande huu, chini ya mti, hata kabla Claudine hajaandikishwa. Hakumwambia mtu. Watu walikuwa wakitafuta watoto na wazazi. Nani angesimama katikati yao aanze habari za mbuzi? Aliwauza, akanunua sufuria na blanketi, akasahau.

Aliziacha kuni palepale, akakimbia. Alikimbia bila kibali, akapita kizuizi, na polisi mmoja alimwita akachoka kumwita. Mama mmoja muuza ndizi njiani alimwambia ndiyo, mzee wa fimbo amepita, amebebwa na lori la mahindi kuelekea Kasulu. Claudine alikaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti, akiita jina la mume wake. Lori jingine lilipita likampigia honi asogee.

Alipofika kwenye kontena foleni ilikuwa imekwisha. Felician alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Alikuwa yeye," Claudine alisema. "Nilimwuliza mbuzi gani. Mume wangu ananiuliza mbuzi, mimi namwuliza mbuzi gani!"

"Pole, mama. Pole sana." Felician alivuta kibao cha herufi. "Leo hii atatangazwa kambi zote za upande wa Kasulu. Lakini nitamtambuaje? Wazee wenye mvi na fimbo ni wengi mno. Lazima niandike jambo la kumtofautisha."

Jambo lilikuwepo moja. Akilisema, Nduwayezu atatafutwa. Na akishalisema, hatakuwa na kitu cha kumjulia atakapoletwa. Asiposema, atabaki nalo kifuani zima, na mume wake atazunguka huko Kasulu na fimbo yake, akiamini amesahauliwa. Claudine aliufunga mdomo kwa kiganja kilekile chenye mkwaruzo wa kamba. Nje foleni ya kesho ilikuwa imeanza kuwekewa mawe, kila jiwe na mwenyewe.

"Limefungwa?" aliuliza hatimaye.

Felician aliinama akatazama kufuli. Hakuinua macho alipojibu.

"Limefungwa, mama."

"Haya," alisema Claudine. "Andika."

Alirudi nyumbani jua likiwa linazama. Wanaume wa benchi walikuwa wamezikusanya kuni zake, wamezifunga upya, wamezipanga ukutani. Walipomwona waliinua vichwa kwa pamoja, nyuso zao zimejaa wasiwasi wa kweli.

"Yule mbuzi," waliuliza, "alizaa salama?"

Claudine alisimama mbele yao. Tangu siku ya kuvuka hakuna mtu aliyewahi kumwuliza, ila mmoja, na huyo hakumjibu.

"Alizaa," alisema. "Wawili. Mmoja alikuwa na masikio meupe."

Walifurahi. Wakasogezana kumpisha, naye akakaa katikati yao, wote wakaitazama barabara ya Kasulu.