Siku Kumi na Nne Bila Vidonge

Tumbo la mume wangu lilikuwa linamchoma kwa mwaka wa tatu sasa. Daktari, binti mdogo kuliko kitinda mimba wetu, akashuku ana bakteria tumboni.

"Baba, tutapima choo," alisema. "Ila hivi vidonge vya kupunguza asidi uviache wiki mbili kwanza. Ukivimeza, wadudu wanapungua, kipimo kinasema hawapo, na mimi siwezi kutibu kisichoonekana."

"Wiki mbili tu? Hata mwezi naweza!"

Wiki mbili zikapita, akapimwa, majibu yakatoka safi: hakuna mdudu. Akarudi anapiga mluzi, na jioni hiyohiyo akajikunja kitandani kama kamba. Kesho yake, nikipanga nguo zake, nikakuta ndani ya soksi kichupa cha vile vidonge vya asidi, vile vya ganda, kimepungua nusu.

Mume wangu ukimgombeza anageuka jiwe. Nikavaa miwani, nikakaa jikoni, nikafungua ganda moja moja, nikamwaga zile chembe nyeupe, nikajaza unga wa mahindi kwa kijiti cha meno. Vidonge ishirini na vinane! Maharage yakaungua nikiyatazama. Kichupa nikakirudisha soksini.

Kisha nikamwambia, "Baba watoto, karudie kipimo. Mwanaume kama wewe kuacha vidonge tena ni kazi?"

"Kazi gani!" akaapa, mkono kifuani.

Siku ya tatu alikuja jikoni ameshika tumbo. "Mama watoto, hivi vido... haya maji ya siku hizi hayana nguvu kabisa."

"Maji?"

"Maji, ndiyo. Mbona unanitazama hivyo?"

Nilimwonea huruma, sikatai. Nikampikia uji mwepesi, nikamsugua mgongo, lakini soksi sikuigusa.

Safari hii bakteria walionekana, tena wengi. Daktari akamwandikia dawa za kuwaua, akampa mkono.

"Hongera, baba. Wagonjwa wengi hunidanganya. Wewe umevumilia siku zote kumi na nne."

Mzee akakaa wima, kifua mbele. "Mwanangu, ni nidhamu tu. Muulize mama yako hapa."

Daktari akanigeukia. Nikaangalia viatu vyangu, nikabana midomo mpaka machozi yakanitoka.

"Mama analia kwa furaha," mume wangu akamweleza.

"Ukimaliza dawa tutasubiri, kisha tutapima tena kuona kama wameisha," daktari akasema. "Vidonge vya asidi utaviacha wiki mbili vilevile."

"Hilo dogo," akajibu. "Nimeshazoea."