Mabenchi ya Marlow Fork

Barua ilifika Muscat, Omani, mwezi wa pili wa mwaka 2001, kwa jina la Humam, ambaye miezi minne kabla alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa hauna nguvu, na maneno yalikuwa yamembakia machache. Mkewe, Shaikha, aliifungua kando ya kitanda, na binti yao Buthaina akaanza kuwatafsiria Kiingereza chake kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao.

Ilitoka Marlow Fork, mji mdogo wa Iowa, katikati ya Marekani, ambako Humam alipanga chumba kwa mjane mmoja miaka minne aliyosomea kilimo. Mji ulikuwa unatimiza miaka mia na ishirini na tano, na maktaba yake ilikusanya kumbukumbu za kila aliyewahi kuishi pale ili itoe kitabu. Kufika ukurasa wa pili, Buthaina aliacha kusoma, akamwita mama yake nje.

"Kanisa lao limeungua, Mama, na mabenchi yote. Wanauliza nani anakumbuka benchi gani lilitoka nyumba gani."

"Usimwambie baba yako."

Hadithi ya mabenchi yale kila mtu nyumbani aliijua. Mji ulianza kama kituo cha treni kuchukua maji. Baridi moja, ulipokuwa na nyumba kumi na mbili tu, treni ilinasa kwenye theluji siku tisa. Wenyeji waliwalaza abiria wote kanisani, na kuni zilipokwisha wakachoma mabenchi ya kanisa ili watu wasife kwa baridi. Baadaye kila nyumba ilileta benchi lake, na hakuna mawili yaliyofanana. La kinyozi lilikuwa na mgongo wa ngozi. La fundi wa majeneza lilikuwa refu kuliko yote. Kila Jumapili Humam alimshika mkono yule mjane asiteleze njiani, kisha akamngojea ndani ya kanisa, upande wa nyuma, mpaka ibada imalizike. Ndivyo alivyoyajua yote kwa mpangilio wake.

Alasiri ya kesho yake Shaikha alichukua daftari.

"Lakini wewe hujafika huko, Mama," Buthaina alisema. "Utaandika nini?"

"Miaka kumi na saba nnasikia habari za mji huo. N'taandika nilivyosikia, na mwenyewe yupo, atanisahihisha."

Shaikha akawa anamsomea mumewe kila alichoandika. Alipopatia, Humam alifumba macho. Alipokosea, aligonga ukuta kwa mkono wa kushoto, naye akaanza upya. Siku ya tatu, walipofika benchi la saba, Humam alimtazama kwa muda mrefu.

"Moto?" aliuliza.

Shaikha aliweka kalamu chini. "Ndiyo, Baba Buthaina. Kanisa limeungua lote, na mabenchi. Nilikuficha, nisamehe."

Humam aligeuza uso. Dirishani ilionekana milima mitupu ya Matrah. Shaikha alidhani kazi imekwisha. Alipokuwa anafunga daftari, mumewe alisema, polepole, "La nane." Shaikha akachukua kalamu.

Buthaina alitafsiri kurasa zote kwa Kiingereza, akazipeleka posta. Humam alifariki mwezi wa sita.

Kitabu kilifika baada ya Idi. Orodha ya mabenchi ilikuwemo, na chini yake pameandikwa: kama walivyokumbuka Humam na Shaikha wa Muscat. Barua iliyoambatana nacho ilisema kanisa linajengwa upya, na wajukuu wa nyumba zile wameanza kuleta mabenchi.

"Jina langu la nini?" Shaikha aliuliza. "Mie sikuona kitu. Nilisikia tu."

"Na wao pia walisikia tu, Mama. Walioiona theluji ile wote wamekufa."

Shaikha alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwambia binti yake aendelee kusoma, maana zilibaki kurasa nyingi za mji ule ambazo Humam hakuwahi kumsimulia.